Sayari Niliyoiosha

Kaka yangu amepiga magoti miaka thelathini na moja, wala si kwa ibada. Ni fundi vigae. Mabafu, majiko, korido za hospitali, ngazi za maofisi. Ukikanyaga sakafu inayong'aa katika mji wetu, kuna uwezekano mkubwa kaka yangu aliipitia kwa magoti kabla wewe hujaipitia kwa viatu. Sasa magoti yenyewe yanalia kama bawaba kavu kila anaposimama. Ungedhani mtu aliyeshinda na vigae wiki nzima, siku ya mapumziko hataki hata kusikia kigae kikitajwa. Yeye alikuwa akirudi nyumbani anaoga, anakunywa chai vikombe viwili, halafu anakaa kutengeneza vigae vingine.

Hivi vya nyumbani havikanyagwi. Ni vya vita.

Nieleze kama nilivyoelezwa, maana hata mimi mwanzoni nilidhani kaka na rafiki yake wamerukwa na akili. Kuna mchezo wa mezani ambao watu wawili wanapigana katika sayari ya mbali, miaka elfu ijayo. Kila mmoja ana jeshi la askari wa plastiki, wafupi kuliko kidole gumba, wamevaa vinyago vya kupumulia na kubeba bunduki za ajabu. Unapima kwa futi askari wako atatembea umbali gani, unarusha dadu kujua risasi imempata nani. Lakini vita hivyo haviwezi kupiganwa juu ya kitambaa cha meza. Panahitajika ardhi, na ardhi hiyo ndiyo kaka yangu aliyokuwa akiitengeneza: vigae ishirini na vinne, kila kimoja sentimita thelathini kwa thelathini, sawasawa na vya sakafuni. Ukivipanga sita kwa vinne unapata nchi nzima. Sayari yenyewe hawakuipa jina. Waliiita Kule. "Jumamosi twende Kule," ndivyo walivyokuwa wakialikana.

Kila kigae alikianzia na ile sponji ngumu nyeupe inayokuja na friji mpya, ambayo wateja wake huitupa. Alikikata, akakipaka gundi na saruji ya kuzibia mianya, akachimba mashimo ya vimondo kwa kijiko cha chai. Mnara wa kutengenezea hewa ulikuwa chupa ya shampuu. Mapipa ya mafuta yalikuwa vifuniko vya kalamu. Kiwanja cha kutua vyombo vya anga kilikuwa kifuniko cha ndoo yangu, ambacho nilikitafuta wiki nzima huku yeye akinisaidia kukitafuta. Mwisho alitwanga tofali, akachekecha unga wake kwa soksi ya zamani na kuunyunyiza juu ya gundi nyepesi, mpaka kila kitu kikaonekana kimepigwa na upepo miaka mia tatu.

Ila ufundi wenyewe ulikuwa kwenye kingo. Katikati ya kila upande wa kila kigae, kwa kipimo kisichokosea hata unywele, ilitokeza barabara ya upana wa vidole vitatu. Pande zote nne, vigae vyote ishirini na vinne. Kwa hiyo kigae chochote kiliungana na chochote, ukikigeuza utakavyo, na barabara haikukatika. "Kigae kinachochagua jirani ni kigae kibovu," alikuwa akisema. Kila walipoanza vita vipya walivichanganya kama karata, wakapata Kule nyingine kabisa.

Siku moja nilimuuliza, "Kaka, mbona huandiki namba chini, ujue kipi kinakaa wapi?"

"Ukikipa namba umekifunga," alinijibu. "Kitakaa palepale maisha yake yote, kama mimi na wewe."

Nilicheka siku hiyo. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Mimi nilihamia kwake mwaka niliofiwa na mume wangu. Kaka hakuwahi kuoa, au tuseme aliwahi kuchumbia na ikaishia hapo, na nyumba yake ilikuwa kama kibanda cha mlinzi. Nilikuja na masanduku mawili na ndoo zangu. Nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka mia tatu kwa siku, na lolote unaloweza kufikiria limo ndani ya mashuka hayo. Mtu akifanya kazi hiyo miaka mingi macho yake yanaharibika kwa namna fulani. Akitazama kitu, kwanza anaona doa.

Mwenzake kaka alikuwa Rubani. Hakuwahi kupanda ndege maishani. Alikuwa mwendesha lifti katika jengo la ghorofa tisa, lifti ya zamani yenye mlango wa chuma wa kukunja, na kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka. Watu wa ofisini walimpa jina hilo kwa utani, akalipokea kwa heshima zote, akajinunulia na kofia. Walijuana kaka alipokwenda kutandika vigae ghorofa ya saba. Rubani alimpandisha yeye na mifuko yake ya saruji, wakakwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano kwa saa moja na nusu, na walipotolewa walikuwa tayari marafiki.

Mimi aliniita Sabuni. "Sabuni," angesema akiingia kila Jumamosi, "leo umeamua kuniosha au kunianika?" Na kaka alipokuwa hasikii aliniita shemeji, eti ninyamaze tu, mahari iko njiani. Mke wake alikuwa ametangulia zamani. Nilimtukana kila wiki, na kila wiki nilimwekea kikombe chenye mpini mzima. Sisemi zaidi ya hapo.

Kanuni za mchezo alizoandika Rubani katika daftari la shule zilikuwa nyingi, lakini moja ndiyo ya kukumbuka. Mtu akimaliza zamu yake lazima aseme "Haya." Asiposema, zamu bado ni yake, hata akae mpaka chai ipoe. Akishasema, imekwisha, hawezi kurudisha askari nyuma. Nikiwa jikoni nilisikia tu, haya, kimya kirefu, haya. Ilikuwa sauti ya Jumamosi.

Jumamosi moja mchana, zamu ilikuwa ya Rubani. Alikuwa amemshika akida wake, askari mwenye mkono mmoja uliovunjika, ambaye alimpenda kuliko jeshi zima. Akifa akida vita vimekwisha, ndiyo kanuni, na Rubani alikuwa na desturi ya kumzungusha hewani huku akifikiri. Nilikuwa naleta chai. Nikaona akida anaanguka kwenye kigae cha mnara, nikasema, "Rubani, unaangusha watu." Aliniangalia kwa upande mmoja wa uso. Upande wa pili ulikuwa umeshuka. Kaka alimbeba mgongoni mpaka barabarani kwa magoti yale yale, akasimamisha gari la kwanza lililopita.

Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yake yote isipokuwa moja. Alibaki na "haya". Ukimuuliza ameshiba, haya. Ukimuuliza anaumwa, haya. Binti yake akaja kumchukua, akaenda kuishi naye katika mji wake, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Nikadhani sasa sebule itarudi kuwa sebule. Nilianza kukusanya askari siku ya tatu, kaka akanishika mkono.

"Acha."

"Kaka, tutakula wapi?"

"Tutakula magotini. Hajasema haya. Zamu ni yake."

Tulikula magotini miezi kumi na minne. Alimwinua tu yule akida, akamsimamisha pale alipoangukia, juu ya mnara wa hewa, na hakugusa kingine. Wageni wakija waliweka vikombe sakafuni. Jirani mmoja aliuliza kama ni ramani ya mradi wa maji. Kila Ijumaa jioni kaka alipiga simu, binti akamwekea baba yake sikioni, na kaka akaongea peke yake robo saa: magoti, wateja wasumbufu, mimi na ukali wangu. Kila mara alimalizia, "Zamu ni yako, mzee." Na kutoka upande wa pili nilisikia kile kipande kimoja cha sauti kilichobaki. Haya hiyo kaka hakuihesabu, maana haikusemwa mezani.

Nami sitajifanya mwema. Meza ile ilinikera. Vumbi lake lilinikera, lile la tofali na lile la kawaida lililojikusanya juu yake, maana hakuniruhusu hata kupuliza. Nilisema maneno. Nilisema mgonjwa haji, nilisema tunaishi kaburini.

Halafu binti akapiga simu yeye mwenyewe. Baba ana miadi kwa daktari wa huku kwetu, watapita Jumamosi. Gari la kukodi litawaleta saa nne asubuhi na kuwachukua saa nane mchana. "Baba mdogo, nimemuuliza anataka kufika kwenu akasema haya," alimwambia kaka, "lakini safari hii alisema mara tatu."

Sijawahi kumwona kaka vile. Alipiga mluzi. Alitafuta shati lake la harusi za watu. Saa nne mpaka saa nane, akahesabu kwa vidole, ni zamu kumi na mbili mpaka kumi na tano, vita vitakwisha. Alikuwa na uhakika atashindwa, na alifurahi.

Alhamisi alikwenda kumalizia bafu la mtu. Mimi nilichukua ruhusa kazini ili niandae nyumba. Mgeni anakuja, na si mgeni wowote. Ni Rubani, ambaye hajaniona miezi kumi na minne. Nilifua mapazia. Nilisugua madirisha, nikasugua miguu ya viti. Saa tano nyumba yote ilikuwa inang'aa isipokuwa meza moja katikati, nyekundu kwa vumbi, na nilipoitazama niliona aibu, kana kwamba tungemkaribisha mgonjwa kwenye shuka chafu.

Nikajiambia: nitavitoa, nitavifuta, nitavirudisha. Askari nikawaweka kwenye bakuli. Vigae nikavipeleka uani. Kitambaa hakikutosha, vumbi lilikuwa limeshikana, basi nikaleta beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga na brashi laini. Maji yalitoka mekundu kama damu, nikamwaga, nikaweka mengine, yakatoka mekundu tena. Nakumbuka nilisema kwa sauti, "Ona uchafu huu." Niliona fahari. Nilivianika juani vyote ishirini na vinne, vyeupe, safi, na ndipo nilipoinua cha kwanza ili nikirudishe mezani nikajiuliza kinakaa wapi.

Nikakiweka pembeni kikaungana. Nikakiweka katikati kikaungana. Nikakigeuza, barabara ikapita vilevile. Kila kigae kilikubali kila mahali, kama alivyotaka mwenyewe, na hapakuwa na hata kimoja cha kuniambia hapana. Nilikaa chini uani. Picha hatukuwa nayo. Simu zetu ni za kubonyeza. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimeyamwaga kwa mikono yangu, beseni nne.

Kaka alifika saa kumi. Alisimama mlangoni na ndoo yake ya vifaa.

"Umeviosha," alisema.

"Kaka, nilitaka..."

"Najua."

Heri angepiga kelele. Aliweka ndoo chini, akatoka uani, akaokota kigae cha mnara, akapitisha kidole pale palipokuwa na vumbi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tofali lipo nyuma ya nyumba?" Nikasema lipo. Nililitwanga mimi, machozi yakinitoka, na alinikataza nisililie ndani ya kinu kwa kuwa unga utashikana. Huo ulikuwa utani. Sikuweza kucheka.

Ijumaa hakwenda kazini. Tulinyunyiza vumbi jipya, likatoka na wekundu wa kitoto, na yeye akaanza kupanga. Alikumbuka askari wote. Huyu alikuwa ndani ya shimo la vimondo, wale watatu nyuma ya mapipa, huyu kwenye kiwanja. Kila askari alimjua kigae chake. Lakini kigae kipi kilipakana na kipi, hakukumbuka. Kitu ukikiona kila siku hukikariri; unajua kipo. Alipanga, akasimama, akatikisa kichwa, akapangua. Jioni yake simu haikupigwa, kwa mara ya kwanza.

"Usimwambie," alisema mwishoni. "Mgonjwa yule. Pengine hata hakumbuki. Atacheza hivyohivyo."

Jumamosi saa nne kamili gari lilisimama. Binti alimshusha baba yake kwenye kiti cha magurudumu, na mimi nilijikaza. Alikuwa amekwisha. Shingo ilikuwa ndani ya kola kama mti ndani ya pipa. Lakini alivaa kofia yake ya lifti, na aliponiona, nusu ya mdomo ilipanda.

"Shikamoo shangazi," binti alinisalimu. "Amekataa kuja bila kofia."

Kaka alikisukuma kiti mpaka mezani. Rubani akatazama. Alitazama muda mrefu, kichwa kikienda kushoto na kulia polepole, na ile nusu ya tabasamu ikashuka. Akamtazama kaka. Akaitazama meza tena. Akainua mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwa wake wa kutumia, akaweka kidole juu ya kigae cha mnara, akakivuta.

"Hakipo hapo?" kaka aliuliza.

"Haya."

Aliweka kidole safu ya pili, cha tatu kutoka dirishani. Kaka akakipeleka. Rubani akazungusha kidole hewani, kaka akakigeuza, mara moja, mara mbili, mpaka Rubani aliposhusha mkono. Halafu kidole kikaenda kwenye shimo la vimondo.

Ndipo tulipoelewa wote. Sisi tuliokuwa tukiiona meza ile kila siku tulikuwa tumeipoteza. Yeye alikuwa amelala kitandani miezi kumi na minne akitazama dari, bila maneno, na kila alichokuwa nacho kichwani kilikuwa hiki. Alikijua kigae kwa kigae.

Sikuvumilia. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. "Rubani, ni mimi. Kaka hana kosa. Mimi ndiye niliyeviosha."

Alinitazama kwa macho yote mawili.

"Haya," alisema.

Mpaka leo sijui ilikuwa ipi. Kuna haya ya kusema basi, yamepita. Kuna haya ya kumwambia mtu aendelee. Na kuna ile nyingine, inayomfanya mtu mzima ainamishe uso, ambayo nilikuwa nayo mimi siku ile. Alikuwa na neno moja tu, na ningetoa chochote nilichonacho ili awe na mawili. Alinigusa bega, akarudi mezani.

Kazi ilikuwa ya taratibu. Mkono ule ulichoka haraka. Kila vigae vitatu alipumzika, macho yamefumba, na binti akamfuta jasho. Saa tano vilikuwa saba. Saa sita vilikuwa kumi na viwili. Chai ilipoa katika kikombe chenye mpini mzima. Nilisimama pale nikiona saa zake zinakwenda, saa alizozisubiri mwaka na ushee, anazitumia kupanga nilichopangua. Mara moja kaka alisema, "Inatosha, mzee, tucheze," na Rubani alipiga meza kwa kiganja. Hakuwa tayari kucheza katika dunia isiyo yake.

Kigae cha ishirini na nne kilikaa saa saba na dakika arobaini. Kaka aliwarudisha askari mbiombio, sasa alikumbuka kila mmoja, maana kila kigae kilikuwa kwao. Akida mwenye mkono mmoja alirudi juu ya mnara. Nje dereva alikwisha kupiga honi ya kwanza.

"Zamu ni yako," kaka alisema.

Rubani alimchukua akida. Hakumzungusha hewani safari hii. Alimshusha kutoka mnarani, akampitisha kwenye barabara, akamsimamisha katikati yake, peupe, pasipo ukuta wala pipa la kujificha, mbele ya bunduki zote za kaka. Kaka alivuta futi akapima kwa mazoea. Sentimita kumi na tano, mwendo wote anaoruhusiwa akida kwa zamu moja, si pungufu si zaidi.

"Rubani, hapo nitakuua," alisema. "Nikirusha dadu mara moja tu umekwisha. Mrudishe."

Rubani alivua kofia akaiweka magotini.

"Haya," alisema.

Ilikuwa imekwisha, hakuna kurudisha askari nyuma. Honi ikalia tena. Palikuwa na dakika tano, labda sita, na kurusha dadu hakuhitaji hata moja. Naamini Rubani alilijua hilo. Alikuwa amekula muda wote kwa kupanga, na kwa zamu moja iliyobaki aliutafuta mwisho, ili wamalize pamoja, mezani, wakitazamana. Alikuwa anaisubiri ile dadu. Nilimwona anaisubiri.

Kaka aliichukua, akaifumba kiganjani. Kisha akaitia mfuko wa shati.

"Nitafikiria," alisema. "Ukija tena utakuta jibu."

Kaka aliona ni ujanja. Aliona mtu mwenye mchezo usiokwisha lazima atarudi. Rubani alimtazama mpaka gari lilipogeuka kona, uso umebandikwa kwenye kioo cha nyuma, na sikuupenda uso ule.

Alifariki siku kumi na tisa baadaye. Binti alipiga simu, akalia, akasema baba hakuteseka. Kaka alimshukuru, akampa pole, akaweka simu chini, akaenda kukaa mezani. Nilimletea chai. Alikuwa ameitoa dadu, anaitazama.

"Mdogo wangu," alisema, "ningeirusha siku ile angecheka. Ile nusu."

"Ningeacha meza yenu mngecheza vita vizima," nilisema.

Hakukataa. Nilishukuru kwamba hakunidanganya. Tulikaa pale pamoja, mimi na yeye, tukalia kama watoto, yeye kwa lake na mimi kwa langu. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu angalau mtu unampakata.

Baada ya siku arobaini nilimwambia, kwa upole, kwamba akitaka kuvikusanya nitamsaidia, na sitaviosha.

"Zamu ni yangu," alisema. "Nikiirusha, namuua. Nisipoirusha, bado yupo pale barabarani."

Basi bado yupo. Tunakula magotini. Vumbi la kweli limeanza kukaa juu ya lile la tofali, na ule wekundu wa kitoto umefifia. Sayari imezeeka tena yenyewe. Juu ya kofia ya yule akida limekaa vumbi kidogo, naliona kila ninapopita na kitambaa changu, na napita. Majirani wanashangaa nyumba ya mfua mashuka kuwa na meza kama ile. Wakiniuliza nawaambia kaka yangu yuko katikati ya mchezo, anafikiria.